Siku 28 za kwanza: namna kitongoji kinavyoweza kulinda watoto wachanga

Kati ya mwaka 2015/16 na 2022, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Vifo vya watoto ambao hawajafikisha mwaka vilishuka kutoka 43 hadi 33. Vifo vya ndani ya siku 28 za mwanzo vilikuwa 25, vikawa 24. Hapo hakuna kilichosogea. Chanjo, chandarua na dawa za malaria humsaidia zaidi mtoto aliyekwisha kuvuka mwezi. Kichanga wa siku mbili anakufa kwa mambo mengine: kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi yanayoingia kwenye damu. Karibu robo tatu ya vichanga wanaofariki hufariki ndani ya wiki ya kwanza, mara nyingi kabla hata kadi ya kliniki haijaandikwa kitu cha pili.

Kwa hiyo kitongoji kinachotaka kupunguza vifo hivi kisianze na semina wala fulana. Kianze na orodha ya wajawazito, mtu wa kuingia nyumbani siku ya kwanza na ya tatu, chombo kinachoweza kuondoka usiku uleule, na zahanati inayojua kwamba kuna mtoto anakuja. Vinne hivi vinategemeana. Mtwara na Lindi kuna funzo ambalo wengi hulipita: katika mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga, ulioendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake, wanawake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na waliojifungua majumbani. Unyonyeshaji uliboreka, usafi wakati wa kujifungua nao pia. Vifo havikuonekana kushuka. Ziara hubadilisha yanayofanyika ndani ya nyumba, lakini mtoto aliyeshindwa kupumua au mwenye sumu kwenye damu anahitaji huduma ambayo haipo ndani ya nyumba.

Orodha kwanza

Chukua daftari kubwa la mistari. Safu zinazohitajika ni chache: jina la mama, nyumba au balozi, namba ya simu ya mtu mwenye simu inayowashwa usiku, tarehe ya kukadiria kujifungua, mahali anapopanga kujifungulia, tarehe ya kuzaliwa, uzito, na tarehe za ziara. Safu ya mwisho iachwe pana kwa maelezo.

Ili kujua kama orodha imekamilika, piga hesabu. Kwa kadirio la watoto 35 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, kitongoji cha watu 500 kitapata watoto 17 au 18, na kijiji cha watu 3,000 kitapata kama 105. Wakati wowote ule, kitongoji cha watu 500 kinapaswa kuwa na wajawazito 12 hivi. Daftari likiwa na wanne tu, msijipongeze kwamba uzazi wa mpango umefanikiwa. Kuna wajawazito wanane hamjawaona.

Wanaokosekana wanajulikana ni akina nani. Wasichana wa shule, ambao mimba yao imefichwa. Wanawake waliokuja kujifungulia kwa wazazi wao, ambao majina yao yako kwenye daftari la kijiji kingine na siku ya tatu hakuna anayewatafuta. Wahamiaji wa msimu, wavuvi na wafugaji. Na wenye watoto sita au saba, wanaoona kliniki si ya kwao tena. Anayewajua wote hawa mara nyingi ni mkunga wa jadi. Hata kama hazalishi tena, mpeni kazi ya kuleta majina.

Jambo moja lisiandikwe kwenye daftari hili: hali ya VVU. Mama anayetumia dawa za kufubaza virusi anapaswa kuendelea nazo na kunyonyesha, na mtoto wake aanze dawa kinga mara tu anapozaliwa kisha apimwe akiwa na wiki 4 hadi 6. Hayo yanabaki kati ya mama na kliniki. Mtu wa ziara anaweza kumuuliza kila mama swali lilelile: "Kuna dawa ya mtoto uliyopewa? Nani anakukumbusha?"

Nani aingie nyumbani

Mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024, unakusudia kuwa na wahudumu wawili kwa kila kitongoji na mtaa, jumla 137,294 kwa miaka mitano. Wakiwapo kwenu, kazi hii ni yao. Ikiwa bado hawajafika, tafuteni mwanamke aliyezaa, anayesoma, anayeishi humohumo, na asiye na uhasama na nusu ya ukoo. Sifa hii ya mwisho huonekana ndogo, lakini nyumba isiyomtaka mtu itasema "mama amelala" siku zote saba.

Ziara mbili za wakati wa ujauzito ndizo zinazofungua mlango wa ziara ya baada ya kujifungua. Katika sehemu nyingi mama yuko ndani hadi arobaini na anayeamua nani amuone ni bibi au mama mkwe. Kwa hiyo ziara ya kwanza ya ujauzito umfuate bibi: kaa naye, msikilize alivyowalea wake, omba ruhusa ya kuja kumuona mjukuu akizaliwa. Bibi aliyeshirikishwa ndiye atakayekupigia simu usiku. Aliyepuuzwa atapaka kitovu majivu mara tu ukiondoka.

Ziara za ujauzito zihakikishe mama amepata chanjo ya pepopunda, anakunywa madini ya chuma, anapewa dawa ya SP ya kukinga malaria kila anapohudhuria kliniki kuanzia wiki ya 13 (angalau mara tatu, isipokuwa anayetumia septrini), na analala ndani ya chandarua. Kisha mpango wa kujifungua: wapi, kwa chombo gani, nani abaki na watoto, kanga ngapi safi. Mwenye pacha, aliyepasuliwa, aliyewahi kupoteza kichanga, au anayeishi ng'ambo ya mto unaojaa masika, ahamie karibu na kituo cha afya wiki mbili kabla ya siku zake.

Ziara ya siku ya kwanza, ya tatu na ya saba

Ziara ya kwanza iwe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa au tangu kurudi nyumbani. Ya pili siku ya tatu, ya tatu kabla wiki haijaisha. Mtoto mdogo au njiti aongezewe siku ya pili na ya 14. Ukilazimika kuchagua moja, chagua ile ya kwanza.

Vifaa: kipimajoto cha dijitali cha kwapani, simu au saa yenye sekunde, mizani ya kuning'iniza inayosoma gramu, sabuni, na kadi ya dalili za hatari. Mizani ya kliniki yenye alama za gramu 100 inafaa kwa mtoto wa miezi mitatu. Kwa kichanga inaficha kupungua kwa gramu 80, na hizo ni nyingi. Zungushia mizani kanga, irudishe kwenye sifuri, ndipo umweke mtoto.

Nawa mikono hadi kwenye kiwiko. Usimguse mtoto kabla ya kumtazama. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, fungua kifua na hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili ni kosa, kwa sababu kichanga hupumua haraka kidogo kisha husita. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena. Ikirudi 60 au zaidi, hiyo ni dalili ya hatari.

Kisha joto. Kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kipimajoto kikikosekana, shika nyayo na tumbo: nyayo za baridi na tumbo la joto ni mtoto anayeanza kupoa, vyote vikiwa baridi, amechelewa kupashwa. Baridi hudharauliwa sana ukanda wa joto, ilhali kichanga aliyelowa huweza kupoa hata Dar es Salaam mwezi wa pili. Chini ya 36.5, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mfunike wote wawili, pima tena baada ya saa moja. Chini ya 35.5, usingoje hiyo saa.

Mwangalie akinyonya, usiulize tu kama ananyonya. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, sehemu nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini, na usikie akimeza. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku. Kuanzia siku ya tano, nepi zilizolowa zisipungue sita kwa siku. Maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, ni mazito na ya njano, ni machache, na yanatosha: tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo mno. Wasiwasi kwamba "maziwa hayajatoka" ndio unaoleta maji ya sukari na uji mwepesi, navyo huleta kuhara na kumfanya mtoto asinyonye, kisha maziwa yakapungua kweli.

Kitovu kiachwe kikavu na wazi, nepi ikunjwe chini yake. Hakipakwi kitu: majivu, mafuta, mate, kinyesi cha ng'ombe, wala dawa ya meno. Kama zahanati imetoa jeli ya klorheksidini, ipakwe kitovuni tu na kama walivyoelekeza. Ipelekwe mbali na dawa za macho, kwani mirija yake hufanana nazo na ikiingia jichoni inaweza kuharibu kioo cha jicho. Kuoga kusubiri angalau saa 24. Ule weupe unaofunika ngozi ya mtoto si uchafu.

Mtoto mdogo au njiti

Aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 ni mdogo. Chini ya 2,000, au mwenye shida ya kunyonya, aanzie hospitali. Wengi hurudi nyumbani wakiwa bado wadogo, na kinachowalinda ni kifua cha mama. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipokuwa na njiti wengi kuliko mashine za kuwapasha joto.

Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Mweke wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kuinuliwa kidogo ili pua isizibe. Mfunge kwa kanga, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake, fundo likaze kifuani mwa mtoto na si tumboni, maana kichanga hupumua kwa tumbo. Mama avae shati juu. Lengo ni saa 8 hadi 24 kwa siku. Kumtoa na kumrudisha kila dakika 20 kunampotezea joto kuliko kumwacha palepale kifuani. Usiku mama aegemee mito au gunia la nguo, asilale kifudifudi wala chali kabisa.

Kinachoiangusha njia hii ni kazi za nyumbani. Mama mmoja hawezi kumbeba mtoto kifuani saa 20 huku akichota maji na kupika. Kwa hiyo ratiba iandikwe: baba saa fulani, shangazi saa fulani, bibi alfajiri. Kifua cha baba kinapasha joto vilevile. Kikundi cha wanawake kichukue maji na kuni za nyumba hiyo kwa wiki tatu. Huo ndio msaada wenye thamani kuliko kilo za sukari za pongezi.

Asiyeweza kunyonya vizuri akamuliwe maziwa na anyweshwe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Kikombe kiguse mdomo wa chini, yeye alambe, usimmiminie. Chupa ya chuchu ni ngumu kusafisha. Mpime uzito kila wiki. Kupungua hadi asilimia 10 siku za mwanzo ni kawaida. Asiporudi kwenye uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 14, arudi kliniki. Endeleeni hadi afike gramu 2,500 au aanze kujisukuma na kukataa.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Ameacha kunyonya au ananyonya kwa udhaifu kuliko jana. Anakakamaa au anatikisika. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa. Anajongea akichokozwa tu, au hajongei kabisa. Joto zaidi ya 37.5 au chini ya 35.5. Umanjano siku ya kwanza, au viganja na nyayo za njano siku yoyote. Kitovu chenye usaha au wekundu unaoenea tumboni.

Moja tu inatosha. Kichanga mwenye maambukizi hafuati utaratibu wa mtu mzima: huenda asiwe na homa, bali akapoa, akalegea na kulala sana, na nyumba ikafurahi kwamba mtoto ni mpole. Kukakamaa huitwa degedege na kupelekwa kwa mganga. Mtoto mwenye homa na kuhara hukatwa "meno ya plastiki" kwenye ufizi. Kule ndiko muda unakopotea, na ndiyo maana bibi awe na kadi ya dalili ukutani mwake yeye, yenye picha.

Piga 115. Ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua hadi siku 42, na vichanga hadi siku 28. Anayepokea huuliza hali, kisha hutuma gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Wenyeji wenye magari wasajiliwe mapema kupitia halmashauri. Dereva aliye kilomita 40 hana faida sana hata kama analipwa. Jueni pia mtandao unashika wapi kijijini, na mwandike hapo.

Mfuko wa kitongoji ni wa siku ambayo 115 haipatikani au barabara imekatika. Kaya 100 zikitoa 1,000 kwa mwezi, ni shilingi 100,000. Kosa la kawaida ni kuufunga kwa sahihi tatu na benki iliyo wilayani. Fedha za safari mbili zikae taslimu kwa mtu mmoja anayelala nyumbani kila siku, zilizobaki ziwe kwenye simu. Kanuni iwe hii: usiku hutolewa, mchana hukaguliwa. Bei ya boda na bajaji kwa kila kituo ikubaliwe mbele ya mwenyekiti na ibandikwe, maana bei inayojadiliwa saa nane usiku hupanda.

Njiani mtoto awe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anyonye kama anaweza kumeza, na asiogeshwe kwanza ili "aende msafi". Mtu wa ziara aandike karatasi: saa dalili ilipoonekana, joto, pumzi. Apige simu zahanati kabla hawajaondoka.

Ikitokea mama anajifungulia njiani, mkausheni mtoto mara moja kwa kanga kavu mkimsugua mgongo. Kanga iliyolowa itupwe, atwaliwe nyingine. Asipolia, endeleeni kumsugua mgongo na futeni mdomo na pua kama kuna uchafu unaoonekana. Asipopumua baada ya hapo anahitaji kusukumiwa hewa na mtu aliyefunzwa, na dakika ya kwanza ndiyo inayoamua. Kumning'iniza kichwa chini, kumpiga makofi na kummwagia maji baridi kunamdhuru. Kitovu kisikatwe kwa wembe uliotumika. Kama kituo hakiko mbali, kiachwe, mtoto alazwe juu ya mama na wafunikwe.

Vikao vya wanawake

Ushahidi mzuri wa kazi ya jamii unatoka hapa. Makwanpur, Nepal, vikao vya wanawake vya kila mwezi vilifuatiwa na vifo vya vichanga vilivyopungua kwa asilimia 30. Matokeo yake yalitoka mwaka 2004. Majaribio saba ya Nepal, Bangladesh, India na Malawi yalipojumlishwa mwaka 2013, tofauti ilikuwa moja: palipohudhuria angalau asilimia 30 ya wajawazito, vifo vya vichanga vilishuka kwa karibu theluthi moja. Kikundi cha wanawake 20 wa rika la mama zao, bila mjamzito hata mmoja, hakifikii hapo. Katika kitongoji chenye wajawazito 12, wanne wawe kwenye mkeka.

Hicho si kikao cha mafundisho. Miezi ya kwanza wanawake wenyewe wanataja matatizo na kuyapanga kwa uzito wake, kwa picha au punje za mahindi. Miezi inayofuata wanachagua la kufanya na kuwaita wanaume na uongozi wawasikilize. Kisha wanafanya. Mwisho wanapima. Muuguzi akija kuhutubia kila mwezi, wataacha kuja mwezi wa nne. Vikao vya VICOBA vinaweza kubeba kazi hii kama dakika 40 zitatengwa kabla ya hesabu za hisa. Baada ya hesabu hakuna anayebaki.

Baada ya mwezi

Hapa njia imekwisha kutengenezwa na wengi, kinachotakiwa ni kufuatilia. Chanjo za kuzaliwa, wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua na rubela mwezi wa 9 na wa 18: daftari lile lile lioneshe nani amepitiliza. Maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Anayehara apewe chumvichumvi ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, mililita 50 hadi 100 kila anapohara, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku chini ya miezi sita, 20 kuanzia hapo. Kosa la kawaida ni kuacha zinki kuhara kunapokoma siku ya tatu. Mwambieni mama kwamba siku zilizobaki zinazuia kuhara kwingine.

Kila kifo kikae mezani

Kijiji cha watu 3,000 kwa kiwango cha taifa kinapoteza vichanga wawili au watatu kwa mwaka. Idadi hiyo ni ndogo mno kupimia maendeleo. Mwaka mmoja unaweza kuwa na wanne na unaofuata mmoja bila jambo lolote kubadilika. Pimeni badala yake waliotembelewa ndani ya saa 24, na saa zilizopita kati ya dalili na kufika kituoni.

Kifo kikitokea, baada ya wiki mbili au tatu watu wawili wanaoaminika waende kwa familia kwa utaratibu, wasikilize, waulize ilichelewa wapi: kuamua, kufika, au kuhudumiwa baada ya kufika. Waliozaliwa wafu waandikwe pia, kwani mtoto aliyevuta pumzi mbili na kukosa wa kumsaidia mara nyingi huandikwa kwamba alizaliwa mfu. Majina yasitajwe kikaoni. Ikiwa vifo viwili mfululizo vimetokea mtoto akiwa tayari mlangoni, kwa sababu hakukuwa na mhudumu usiku au kifaa cha kusukuma hewa kilikuwa kimefungiwa kabatini, hilo lipelekwe kwa maandishi kwenye kamati ya afya ya zahanati, mwenyekiti wa kijiji asaini, nakala iende kwa mganga mkuu wa wilaya, na kikao kijacho kianze kwa kusoma jibu.